E 350 ya 2005 au E 200 ya 2017? Kabla hujauza, chunguza taa ya injini

Swali: Nina Mercedes-Benz E 350 ya mwaka 2005, bodi ya W211, imetembea kilomita 214,000. Naipenda sana, ila imeanza kunichosha. Asubuhi naikuta upande wa mbele kushoto umelala, taa ya injini inawaka siku mbili kisha inazima yenyewe, na giaboksi inapiga teke ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu. Fundi anasema kuitengeneza yote kutakula karibu nusu ya bei ninayoweza kuiuzia. Nimeona E 200 ya 2017, bodi ya W213, kilomita 96,000, inauzwa kama mara 8 ya thamani ya gari langu. Fedha ninazo bila kukopa, ingawa zitaisha zote. Niuze nihamie kwenye hiyo, au nitengeneze hii?

Jibu: Ndugu yangu, usiuze wiki hii, na usimruhusu fundi aanze kazi. Katika yote uliyoeleza kuna jambo moja bado halijajulikana, nalo ndilo la kuamua: ile taa ya injini inawaka kwa sababu gani? Umeitaja juujuu, katikati ya gari kulala na giaboksi kupiga teke. Kwa injini iliyomo kwenye gari lako, hiyo taa ndiyo ya kwanza, mengine yanafuata.

Kwanza hesabu, maana naona ndiyo inayokusukuma. Watu wengi huweka bili ya fundi upande mmoja na thamani ya gari upande wa pili, kisha wakiona bili imekaribia nusu wanasema gari limekufa. Kipimo hicho kinamfaa mtu wa bima anayeamua kama gari lililogongwa litengenezwe au lilipwe. Wewe unatakiwa kujua kitu kingine: miaka mitatu ijayo ya kuendesha itakugharimu kiasi gani ukibaki na hili, na kiasi gani ukihamia kwenye lile.

Tuchukue thamani ya gari lako kuwa 1. Bili ya fundi ni 0.5. Hiyo E 200 ni 8. Tuseme inashuka thamani kwa asilimia 10 kila mwaka, jambo lisilo la ajabu kwa gari la kifahari la umri huo. Mwaka wa kwanza umepoteza 0.8, wa pili 0.72, wa tatu karibu 0.65. Jumla ni zaidi ya 2. Yaani katika miaka mitatu, hata kama hiyo W213 haitaharibika hata balbu, itakuwa imekula thamani ya magari mawili kama lako. Hasara hii haiumi kwa sababu haiji na risiti. Utaiona siku ya kuuza tu. Juu yake weka bima, ambayo kwa kawaida hupanda na thamani ya gari, na spea zinazouzwa kwa bei ya gari jipya. Hapo ndipo wengi hujikwaa: gari likishuka bei, spea zake hazishuki nalo. Taa moja ya mbele ya W213 yenye mfumo wa Multibeam ina LED 84 na kompyuta zake mwenyewe, na bei yake haijali kwamba gari limeshapitia mikono ya watu watatu.

Gari lako, kinyume chake, limeshamaliza kushuka. Mwaka ujao litakuwa na thamani inayokaribiana na ya leo, mradi linatembea. Kwa hiyo nusu ya thamani yake, ikikununulia miaka miwili mitatu ya kuendesha kwa amani, ni bei nafuu.

Sharti liko kwenye hilo neno "ikikununulia". Turudi kwenye taa.

E 350 yako ina injini ya V6 inayoitwa M272. Mitungi yake imepangwa kwa pembe ya nyuzi 90, na V6 ya pembe hiyo hutetemeka, kwa hiyo Mercedes waliweka ndani ya bloku shafti ya balansi ya kutuliza mtetemo. Shafti hiyo inazungushwa na cheni ya taimingi, ile inayopatanisha mwendo wa injini na kufunguka kwa valvu, kupitia sproketi, yaani gurudumu la meno. Katika injini za miaka ya mwanzo, 2005 ikiwemo, meno ya sproketi hiyo yalitengenezwa kwa chuma kinacholika kabla ya wakati. Meno yakilika, cheni inahama kidogo kidogo na taimingi inapotea. Dereva haoni kitu isipokuwa taa ya injini inayowaka na kuzima, hasa gari likiwa limetoka kuwashwa, na pengine nguvu kupungua kwa mbali. Kulitengeneza maana yake ni kushusha injini pamoja na giaboksi, kuzitenganisha na kufumua injini nzima. Kwa gari la umri huu kazi hiyo hailipi, labda uwe na mapenzi yasiyo na hesabu.

Lakini taa hiyohiyo inaweza kuwa na sababu nyingine mbili, na tofauti ya bili ni kubwa mno. Ya kwanza ni zile sumaku ndogo zilizo mbele ya injini, zinazorekebisha kamshafti (shafti zinazofungua valvu): huvujisha oili, na oili ikaingia kwenye soketi na kupanda ndani ya waya. Ni vitu vidogo na vya bei ndogo. Fundi anazibadilisha asubuhi moja. Ya pili ni vikono vya plastiki vya manifoldi ya kuingizia hewa. Vinakauka kwa joto, vinavunjika, na mashine ya kusomea hitilafu inatoa misimbo kama P2004 au P2006. Hiyo ni kazi ya kati: si ya kutisha, ila manifoldi nzima hubadilishwa.

Sasa utajuaje ni ipi? Mwambie fundi asome hitilafu kwa mashine inayozungumza na Mercedes yenyewe, asitumie kile kidude cha kuchomeka kinachosoma misimbo ya jumla tu. Ikija misimbo 1200 na 1208, shika kichwa, lakini usikate tamaa bado. Kuna ukaguzi wa macho usiohitaji kufungua injini. Fundi anazungusha kranki (shafti kuu ya injini) kwa mkono, kwa spana, mpaka alama ya nyuzi 305 kwenye puli ikae sawa na kiashiria. Kisha anachomoa sensa za kamshafti zilizo mbele ya silinda hedi, anamulika tochi kwenye matundu. Ndani ya kila tundu ataona gurudumu la sensa lenye alama. Alama ikiwa katikati ya tundu, taimingi iko mahali pake. Ikiwa imesogea pembeni au haionekani kabisa, cheni imehama, na hapo shafti ya balansi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Uwepo mwenyewe wakati anafanya, uchungulie kwa macho yako, upige na picha. Fundi asiyejua kipimo hiki hajaizoea M272, na bili aliyokuandikia usiichukulie kuwa ya mwisho.

Kuna kitu kingine hukukitaja, na nadhani ni kwa sababu bado hakijakusumbua. Gari lako lina breki za umeme zinazoitwa SBC, zilizowekwa kwenye W211 tangu ilipotoka mwaka 2002 mpaka iliporekebishwa sura mwaka 2006, Mercedes wenyewe walipoziacha na kurudi kwenye breki za kawaida. Katika mfumo huu pedali haisukumi mafuta moja kwa moja. Inatuma taarifa kwa kompyuta, na pampu ndiyo inayobana. Pampu hiyo ina kaunta ndani yake inayohesabu matumizi, na ikifika kikomo gari linaandika kwenye dashibodi kwamba breki zipelekwe gereji. Mfumo ukizima kabisa unabaki na breki za magurudumu ya mbele tu, na pedali inazama sana kabla ya gari kusimama. Kwa hiyo siku hiyohiyo ya mashine, aulize pia kaunta ya SBC imefika wapi. Kama imebakia kidogo, ongeza bei ya pampu kwenye ile nusu.

Na tahadhari kwa yeyote atakayebadilisha pedi: SBC izimwe kwanza kwa mashine. Mfumo unaweza kujiamsha mtu akifungua mlango tu, na kalipa, yaani vibanio vya pedi, zikabana vidole vilivyomo.

Giaboksi yako, ile ya gia 7, sioni sababu ya kuiogopa bado. Teke kati ya gia ya pili na ya tatu mara nyingi huanza na oili iliyochoka au iliyopungua. Uliza ilibadilishwa lini. Kama jibu ni "hiyo haibadilishwi, ni ya maisha", basi umepata sababu yako. Ibadilishwe oili na filta, kiwango kipimwe oili ikiwa kwenye joto linalotakiwa, kisha kompyuta ya giaboksi ifundishwe upya kubadili gia. Baada ya hapo kila kilomita 60,000 kazi irudiwe. Teke likibaki, angalia bamba la umeme lililomo ndani ya giaboksi, lenye sensa za mwendo. Ila usikubali kufungiwa bamba lililotolewa kwenye gari jingine bila kupangiwa upya kwa mashine: kompyuta yake imefungamanishwa na gari ilikotoka, na gari lako litaikataa.

Gari kulala asubuhi ni shokapu ya upepo inayovuja, au mpira wa valvu. Jioni pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pima tena asubuhi, uandike. Nyunyizia povu la sabuni mahali hewa inapopita na utaona mapovu. Hili usilicheleweshe, kwani kompresa inalazimika kujaza hewa kila unapowasha gari na mwisho inaungua, na ukawa umenunua vitu viwili badala ya kimoja. Wapo watakaokushauri kung'oa upepo wote na kuweka springi za chuma. Inawezekana, na ni nafuu. Mimi siipendi kwa gari hili. Ulaini wa W211 juu ya barabara mbovu unatokana na huo upepo, na ukiuondoa umebaki na sedani ya miaka 20 na zaidi iliyo nzito na isiyo na sababu ya kupendwa.

Tuje kwenye hiyo E 200.

Ni gari zuri, sitakudanganya. W213 ilipotoka mwaka 2016 ilipata nyota 5 za Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, na breki inayojishika yenyewe ikiona hatari mbele ni ya kawaida kwenye kila moja. Lako halina kitu hicho. Gurudumu la mbele na la nyuma yako mbali zaidi, milimita 2,939 dhidi ya 2,854, na anayekaa nyuma ataihisi tofauti hiyo kwenye magoti. Ndani kumetulia. Kama unasafiri usiku mara kwa mara na watoto wako nyuma, hiyo ni sababu ambayo hesabu yangu ya juu haiwezi kuipinga, na ukiniambia unahama kwa ajili hiyo sitabishana nawe.

Lakini fahamu unachoacha. Unatoka kwenye V6 ya lita 3.5 yenye nguvu za farasi 272 unaingia kwenye silinda 4 ya lita 2 yenye turbo na farasi 184. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, lako likiwa zima hutumia sekunde 7 hivi. E 200 ni sekunde 7.7. Namba zinakaribiana kuliko unavyodhani, maana turbo inavuta mapema na gia ni 9. Tofauti iko kwenye sauti na kwenye kupita lori mlimani, pale V6 inapovuta bila kulalamika. Waliohama kutoka silinda 6 hulalamikia hili kuliko kitu kingine chochote, na kwa kawaida wanalilalamikia baada ya kulipa. Liendeshe hilo gari nusu saa, upande nalo mlima, kabla hujazungumzia bei.

Mafuta utaokoa. Kwa vipimo vya kiwandani lako linakunywa karibu lita 10 kwa kilomita 100, E 200 karibu lita 6. Barabarani zote mbili hunywa zaidi ya hapo, ila tuchukue hiyo tofauti ya lita 4. Ukitembea kilomita 15,000 kwa mwaka ni lita 600. Zidisha kwa bei ya mafuta mahali ulipo, kisha linganisha na ile 0.8 ya mwaka wa kwanza. Kwa mwendo wa kawaida, mafuta peke yake hayatalipa huko kuhama.

Ukienda kuikagua, muuzaji aambiwe mapema asiiwashe. Weka mkono juu ya injini: ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Iwashe ikiwa baridi, boneti wazi, usikilize sekunde za mwanzo. Mkwaruzo wa chuma kwa muda mfupi kisha kimya ni dalili ya virekebishaji vya kamshafti kuchoka, jambo linalojulikana kwa injini hiyo ya M274. Omba historia ya sevisi iliyochapishwa kutoka mfumo wa Mercedes kwa namba ya chesisi, kwa sababu magari haya kumbukumbu yake iko kwenye kompyuta na kijitabu chenye mihuri hakitoshi. Angalia oili imebadilishwa kila baada ya kilomita ngapi. Kiwanda kinaruhusu hadi 25,000 katika masoko mengi ya Ulaya. Mimi ningependa kuona nusu ya hiyo. Chungulia taa za mbele kama zina mvuke ndani. Uliza kama kioo cha mbele kimewahi kubadilishwa, na kama kamera iliyo nyuma yake ilipimwa upya baada ya hapo. Breki inayojishika yenyewe hutegemea kamera hiyo pamoja na rada ya mbele, na gari lililogongwa kidogo puani linaweza kuonekana zuri kabisa huku rada inatazama pembeni.

Sasa sehemu iliyonifanya niandike jibu refu namna hii: umesema fedha zitaisha zote. Hapo ndipo nasema hapana. Gari la kifahari la umri huo, kilomita karibu 100,000, limefika pale ambapo tairi, diski, betri, oili ya giaboksi na bushi za mbele zinadaiwa zote kwa karibu. Mwenye kuliuza anajua, na mara nyingi ndiyo sababu anauza. Ukilinunua bila akiba, bili ya kwanza itakukuta huna kitu, utaanza kuahirisha, na baada ya mwaka utakuwa na W213 iliyo na matatizo ya W211 kwa spea za bei ya juu zaidi. Kama huwezi kubaki na angalau asilimia 15 ya bei yake mkononi siku unapokabidhiwa ufunguo, gari hilo bado si lako.

Kuna njia ya katikati ambayo sijui kwa nini watu huiruka. Bodi iliyofuata ya kwako ni W212, iliyotengenezwa kuanzia 2009 hadi 2016. Kuanzia 2011, E 350 ya petroli ilianza kupata injini mpya ya V6, M276, yenye farasi 306. Pembe yake ni nyuzi 60, kwa hiyo haihitaji shafti ya balansi. Tatizo lenyewe limeondolewa kwenye mchoro. Breki zake ni za kawaida. Giaboksi ni ya gia 7 iliyoboreshwa. Nzuri zaidi ni ya kuanzia 2013, ilipopata sura mpya ya taa za kipande kimoja. Nayo isikilizwe ikiwa baridi, kwani zile za mwanzo hugonga cheni kwa sekunde chache, na dawa yake inajulikana. Kwa bei iko chini ya W213 kwa umbali mzuri, na utabaki na silinda 6 pamoja na akiba.

Kwa hiyo, alama zikiwa katikati ya matundu na kaunta ya SBC ikiwa bado ina nafasi, tengeneza: upepo kwanza, oili ya giaboksi, kisha chochote kilichowasha taa. Endesha miaka miwili, na kila mwezi weka pembeni kile ambacho W213 ingekula kwa kushuka thamani. Kama alama ziko katikati lakini SBC imekaribia kikomo, omba bei ya pampu kabla hujaamua. Hapo naona mizani iko sawasawa, na hali ya bodi na kutu ndiyo itakayoamua. Alama zikiwa zimehama, usiweke hata senti kwenye upepo wala giaboksi. Uza kama lilivyo na utafute W212.

Na ukiliuza, mpe mnunuzi picha za yale matundu na karatasi ya kaunta ya breki, ujue utapata pungufu kidogo. Mwambie pia habari ya kuzima SBC kabla ya kugusa pedi, kwa sababu huenda akazibadilisha mwenyewe.